Nani kaingia kwenye tovuti yako? Mwongozo kamili wa kusoma takwimu za wageni kwa wenye biashara ndogo Moshi na Arusha

Mama mmoja wa Rau, hapa Moshi, ana vyumba sita vya wageni na hupeleka watu Materuni kuona maporomoko na kukoboa kahawa kwa mikono. Mwezi wa sita alinipigia simu. Aliyemtengenezea tovuti alikuwa amemtumia ujumbe kwamba ndani ya siku thelathini imepata "18,000". Alifurahi siku mbili, siku ya tatu akaanza kuwaza. "Mwanangu, watu wote hao, mbona simu haiiti?"

Nilimwamkia, tukakaa barazani na kompyuta yake, na kabla giza halijaingia tulikuwa tumepata jibu. Watu halisi waliofungua tovuti ile mwezi mzima hawakufika mia tatu. Hiyo 18,000 ilikuwa mchanganyiko wa picha, fonti, roboti (programu zinazozunguka intaneti zenyewe), na mama mwenyewe aliyekuwa akiifungua kila asubuhi kuangalia kama iko hewani.

Aliyemtumia namba hakumdanganya. Mashine ilihesabu sawasawa kile ilichopewa kuhesabu, ila hakuna aliyemweleza mama kimehesabiwa nini, wala mhesabuji alikuwa amesimama wapi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na kwa wengine wanaofanana naye: wenye kampuni ndogo za kupandisha watu mlimani, wenye nyumba za wageni Njiro na Sakina, wauza kahawa, wachonga vinyago. Pesa ya tovuti na matangazo mnaitoa kwa jasho. Mna haki ya kujua inazaa nini.

Hatua ya 1: Andika swali kabla hujafungua takwimu

Chukua daftari la kawaida, andika sentensi moja: tovuti hii ikifanya kazi yake, nitaona nini? Mama wa Rau aliandika, "Mtu ananiuliza kama kuna nafasi." Basi. Maulizo ndiyo namba yake kuu, na nyingine zote zipo kueleza kwa nini maulizo yamepanda au yameshuka. Anayeanza na takwimu bila swali ataishia kufurahia namba iliyo kubwa kuliko zote.

Hatua ya 2: Jionee mtu anapofungua ukurasa mmoja

Fungua tovuti yako kwenye kompyuta, si kwenye simu. Bonyeza F12. Litatokea dirisha la mafundi. Chagua sehemu iliyoandikwa Network, kisha pakia ukurasa upya. Utaona mistari ikishuka kama mvua. Kila mstari ni ombi moja ambalo kivinjari chako kimepeleka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti: nipe ukurasa, nipe nembo, nipe picha ya mlima, nipe fonti, nipe rangi za menyu.

Tovuti ya mama ilitoa mistari 58 kwa ukurasa wa mbele peke yake. Kila ombi kati ya hayo ndilo watu huita hiti. Kwa hiyo mtu mmoja akifungua ukurasa mmoja mara moja, zimeandikwa hiti 58. Ongeza picha kumi kwenye ukurasa, hiti zitapanda bila mgeni hata mmoja kuongezeka. Kuzichukua hiti kama wateja ni sawa na kuhesabu vidole vya miguu ya waliopita soko la Mbuyuni, kisha kusema ndio walionunua.

Nalisisitiza hili kwa sababu limewahi kunigharimu. Miaka ya mwanzo niliwahi kumlipia mteja wangu nafasi ya tangazo kwenye tovuti moja ya utalii kwa kuwa wenyewe walisema wana hiti laki mbili kwa mwezi. Sikuuliza zaidi. Kwa kurasa zenye uzito kama za mama, laki mbili ni kurasa 3,400 hivi, na hapo roboti bado hazijatolewa. Tangazo lilikaa miezi mitatu na hakuja mtu. Siku hizi mtu akinitajia hiti namuuliza mambo mawili: kurasa zimetazamwa mara ngapi, na watu wangapi? Akishindwa kujibu, mazungumzo yanaishia hapo.

Hatua ya 3: Soma daftari la seva

Waliowahi kupanda mlima wanalijua daftari la langoni, Marangu au Machame: kila mgeni anaandikishwa kabla hajaanza kupanda. Seva inayohifadhi tovuti yako nayo ina daftari lake, faili inayoitwa logi, na humo huandika kila ombi linaloifikia. Kama tovuti iko kwenye kampuni inayotumia cPanel, ukurasa wa kusimamia tovuti yako, ingia humo na utafute sehemu ya takwimu. Palipoandikwa Raw Access unapakua logi yenyewe. Mara nyingi kuna pia AWStats, programu inayokusomea logi na kukuchorea majedwali. Anza na logi ghafi walau mara moja, ili ujue majedwali yanatokana na nini.

Mstari mmoja unafanana na huu:

203.0.113.24 - - [14/Aug/2025:03:12:07 +0300] "GET /machame-siku-7/ HTTP/1.1" 200 18452 "https://www.google.com/" "Mozilla/5.0 (iPhone; CPU iPhone OS 17_5 like Mac OS X) AppleWebKit/605.1.15 (KHTML, like Gecko) Version/17.5 Mobile/15E148 Safari/604.1"

Usiogope, twende polepole. Namba ya mwanzo ni anwani ya IP, yaani mlango wa intaneti ambao ombi limetokea. (Niliyoiweka hapa ni ya mfano, imetengwa kwa ajili ya mafunzo.) Vistari viwili ni nafasi za jina la mtumiaji na karibu kila mara huwa tupu. Kisha tarehe na saa: 14 Agosti 2025, saa 03:12, ambayo kwetu ni saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Hiyo +0300 inakwambia seva inafuata saa za Afrika Mashariki. Ukikuta +0000, seva iko kwenye saa za Greenwich, ongeza saa tatu mwenyewe.

Saa hiyo ina maana kuliko inavyoonekana. Mwezi wa nane, saa tisa usiku kwetu ni saa mbili usiku New York. Mtu ametoka kazini, amekula, amejilaza na simu mkononi anawaza Kilimanjaro. Nimekutana na wenye biashara Arusha waliokuwa wakiona wageni wa usiku wa manane na kuwafuta kwenye hesabu kwa kudhani ni roboti. Wale ndio wateja wao hasa.

Tuendelee. GET na kinachofuata ni ukurasa ulioombwa, hapa ni ziara ya Machame ya siku saba. Namba 200 maana yake umetolewa salama. Ingekuwa 404, ukurasa haupo. 301, umehamishiwa kwingine. 500, seva yenyewe imekwama. Zile 404 zinazojirudia kwenye anwani moja zifuatilie, kwani huenda mahali fulani duniani kuna linki yako ya zamani inayopeleka watu ukutani. 18452 ni ukubwa wa kilichotumwa kwa baiti. Anwani ya Google inayofuata ni alikotokea mgeni, na maneno marefu ya mwisho ni kivinjari kikijitambulisha: iPhone, Safari.

Sasa tafuta ndani ya logi neno bot. Utaona Googlebot, bingbot, AhrefsBot, GPTBot na wenzao. Hawa ni programu zinazozunguka intaneti kusoma kurasa, nao wanajitaja kwa jina. Wengine hawajitaji. Ukiona anwani moja imeomba /wp-login.php mara mia mbili ndani ya dakika chache, huyo si mgeni, ni mtu anajaribu funguo mlangoni kwako. Wapo pia wanaojiita Googlebot kumbe sivyo. Googlebot wa kweli ukiigeuza anwani yake ya IP kuwa jina, jina hilo huishia na googlebot.com au google.com.

Daftari hili lina upungufu mara mbili. Kwanza, anwani ya IP si mtu. Mfumo wa zamani wa anwani hizi, ambao bado unatumika sana, una nafasi kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na zimekwisha. Kwa hiyo mitandao ya simu huwabebesha wateja wengi anwani moja. Watu arobaini wenye bando la mtandao mmoja wanaweza kuonekana kama mlango mmoja. Pili, ukiwa umeweka huduma kama Cloudflare, inayotunza nakala za vitu vya tovuti yako na kuvigawa kwa niaba yako, baadhi ya maombi hujibiwa huko huko na seva yako haiyaoni kabisa.

Hatua ya 4: Weka kihesabu ndani ya ukurasa

Njia ya pili haisimami langoni, inakaa sebuleni. Unaweka msimbo mfupi ndani ya kila ukurasa; ukurasa unapofunguka kwenye simu ya mgeni, msimbo unafanya kazi hapo na kupeleka taarifa kwenye seva nyingine inayotunza hesabu. Roboti nyingi huchukua ukurasa bila kuendesha msimbo huu, kwa hiyo hazihesabiwi. Upande wa pili, wenye programu za kuzuia matangazo mara nyingi hawahesabiwi nao, na aliyefunga ukurasa kabla msimbo haujafika kwa sababu mtandao ulikuwa mnyonge hahesabiwi pia. Ndiyo maana logi huzidisha na kihesabu hupunguza. Usipoteze usiku kuzilinganisha mpaka zikubaliane, hazitakubaliana.

Kuna Matomo, ambayo unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe, na Plausible, ambayo haitumii vidakuzi (nitavieleza Hatua ya 5). Wengi huwa nawaanzishia Google Analytics kwa kuwa haina malipo na si vigumu kumpata kijana mjini anayeijua. Toleo la sasa ni GA4. Lile la zamani liliacha kupokea data tarehe 1 Julai 2023, kwa hiyo ukikutana na mafunzo yenye picha za zamani, yaache.

Fungua akaunti kwa barua pepe ya biashara. Nasema ya biashara, si ya fundi: nimeona kampuni ikipoteza takwimu za miaka kwa sababu fundi aliondoka na nywila. Unda eneo la tovuti yako, chagua saa za Tanzania na sarafu unayotoza. Ongeza anwani ya tovuti, utapewa kitambulisho kinachoanza na G-. Kama tovuti yako imejengwa kwa mfumo wa WordPress, sakinisha programu-jalizi ya Site Kit ya Google na ufuate maelekezo. Kama sivyo, bandika msimbo uliopewa sehemu ya juu ya msimbo wa kila ukurasa, ndani ya sehemu iitwayo head. Kisha chukua simu, zima Wi-Fi, fungua tovuti kwa bando, na utazame ripoti ya Realtime. Ukijiona umeingia, kazi imekubali.

Kabla hujafunga kompyuta, rekebisha mambo mawili ambayo karibu kila ninapoitwa nayakuta hayajaguswa. La kwanza ni muda wa kutunza data za kina: GA4 huanza na miezi 2, na unaruhusiwa kuuongeza hadi 14. Nenda Admin, tafuta Data retention, weka 14 leo hii. Zilizokwisha kufutwa hazirudi. La pili ni kujiondoa mwenyewe kwenye hesabu. Kuna kichujio cha watu wa ndani kinachofuata anwani ya IP, na huanza kikiwa kwenye hali ya majaribio, lazima ukiwashe. Ila kama ofisi yenu inatumia rauta ya laini ya simu, anwani hubadilika na kichujio kinavuja. Mama wa Rau nilimtatulia kwa njia rahisi: nilimwekea kivinjari cha pili chenye kizuia-vihesabu, akawa anaikagua tovuti yake humo tu.

Hatua ya 5: Jua tofauti ya mtu, mtumiaji, ziara na ukurasa

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tumfuate mgeni mmoja hatua kwa hatua. Ni mwalimu anayeishi Hamburg, Ujerumani.

Jumapili jioni yuko na simu. Anafungua ukurasa wa ziara ya kahawa, kisha wa bei. Anaweka simu kando, anapika, anakula. Baada ya dakika 50 anarudi na kufungua ukurasa wa picha. Jumanne yuko kazini. Kwenye kompyuta anatafuta jina la nyumba ya mama, anasoma ukurasa wa mbele, wa vyumba, na wa bei tena. Alhamisi, kwenye kompyuta ile ile, anafungua ukurasa wa mawasiliano, anajaza fomu, na unatokea ukurasa wa asante.

Mtu ni mmoja. GA4 itaandika watumiaji wawili, kwa sababu inatambua kivinjari na si sura. Simu ni mmoja, kompyuta ni wa pili. Ziara ni nne: mtu akikaa dakika 30 bila kugusa chochote ziara inahesabika imekwisha, kwa hiyo ile Jumapili ya mapishi imetoa mbili. Kurasa zilizotazamwa ni nane. Hiti kwenye logi ni mamia. Ulizo ni moja. Hakuna namba ya uongo hapo, na kila moja ina jina lake. Mtu akikuletea ripoti iliyoandikwa "trafiki" bila jina hilo, irudishe.

Kompyuta inatambuliwa kwa kidakuzi, kikaratasi cha maandishi ambacho tovuti hukiacha ndani ya kivinjari ili ikukumbuke ukirudi. Ubunifu huo ni wa Lou Montulli alipokuwa Netscape, kampuni ya kivinjari, mwaka 1994. Kidakuzi cha Google Analytics kimepangiwa kukaa miaka 2, lakini kivinjari cha Safari cha Apple hukifuta baada ya siku 7 mgeni asiporudi. Fikiria maana yake kwetu. Mtu wa kupanda Kilimanjaro hapangi safari kwa wiki moja. Anasoma leo, anaomba likizo, anakusanya pesa, anarudi baada ya mwezi. Akitumia iPhone, atahesabiwa mgeni mpya kila akirudi. Kwa biashara ya utalii, ile namba ya "wapya na wanaorudi" mimi huwa siiangalii kabisa.

Kuna kipimo kingine utakachokutana nacho, cha ziara zilizozaa ushiriki. GA4 inaihesabu ziara hivyo ikizidi sekunde 10, au mgeni akifungua kurasa mbili au zaidi, au akitenda jambo uliloliweka kuwa muhimu. Zisizofika hapo zinaitwa za kuchungulia na kuondoka. Usihukumu ukurasa wa mawasiliano kwa kipimo hiki: mtu aliyenakili namba yako ya simu kwa sekunde nane na kukupigia ataonekana amechungulia tu, wakati tayari mko kwenye mazungumzo ya bei.

Hatua ya 6: Jua walikotoka, na weka alama kwenye linki zako

Utaona makundi: waliotoka kwenye utafutaji, mitandao ya kijamii, tovuti nyingine, na kundi kubwa linaloitwa Direct. Watu hufasiri Direct kuwa "wameandika anwani yetu kwa mkono". Ukweli ni kwamba ni kapu la wote ambao kihesabu hakikujua walikotoka. Linki iliyobofywa ndani ya WhatsApp, ndani ya PDF ya bei uliyomtumia mteja, ndani ya programu ya barua pepe, mara nyingi huangukia humo. Kwa mji ambao biashara yote inapita WhatsApp, kapu hilo limejaa siri.

Dawa yake ni kuongeza maneno mwishoni mwa linki kabla hujaituma. Badala ya kutuma ukurasa wa kahawa mtupu, tuma hivi:

tovutiyako.co.tz/kahawa/?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=wageni-wa-zamani

Mgeni anaona ukurasa ule ule, lakini kihesabu kimejua ametoka wapi, kwa njia gani, kwa mpango upi. Herufi utm ni kumbukumbu ya Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua mwaka 2005 na programu yake ikageuka kuwa Google Analytics.

Andika kila kitu kwa herufi ndogo, kwani WhatsApp na whatsapp zitahesabiwa kama vyanzo viwili tofauti. Kwenye utm_medium usibuni neno lako. Niliwahi kuandika "ujumbe", na wageni wote wakaangukia kundi la wasiojulikana kwa sababu GA4 inatambua maneno yake maalumu kama social, email, referral na cpc. Na usiweke alama hizi kwenye linki za ndani ya tovuti yako, utafuta kumbukumbu ya alikotoka mgeni kweli.

Mama wa Rau tulimtengenezea linki tatu: ya hadhi yake ya WhatsApp, ya Instagram, na ya kadi ndogo yenye msimbo wa QR ambayo rafiki zake wenye hosteli mjini Moshi walikubali kuiweka mapokezi. Ile ya kadi tuliipa utm_source=kadi na utm_medium=referral.

Kuhusu miji, iamini ramani kwa tahadhari. Eneo linakisiwa kwa anwani ya IP, na mtu aliyekaa Kiboriloni na simu anaweza kuandikwa Dar es Salaam kwa sababu mtandao wake unatokea huko. Nchi huwa sahihi zaidi kuliko mji, isipokuwa kwa wanaotumia VPN, programu inayoficha anwani ya kweli ya mtu.

Hatua ya 7: Hesabu maulizo yenyewe

Fomu yako ya mawasiliano ikishatumwa, impeleke mgeni kwenye ukurasa wa pekee, tuseme /asante/, ambao hakuna njia nyingine ya kuufikia. Ndani ya GA4 unda tukio jipya linalotokana na page_view pale anwani ya ukurasa inapokuwa na /asante/, kisha liweke kuwa tukio muhimu. Tangu hapo kila ripoti inaweza kukuonyesha ni chanzo kipi kimeleta maulizo, na si ziara tu. Kwangu hii ndiyo saa moja yenye faida kuliko zote utakazotumia kwenye takwimu.

Kitufe cha WhatsApp ni kigumu kidogo. GA4 huhesabu yenyewe linki zinazomtoa mgeni nje ya tovuti, zikiwemo za wa.me, lakini kubofya si kuandika. Wapo wanaofungua mazungumzo na kufunga bila kutuma neno. Kwa hiyo weka maneno tayari ndani ya linki ya kitufe: baada ya namba yako ongeza ?text= na sentensi kama "Habari, nimeona ziara ya kahawa kwenye tovuti". Mgeni akituma, sentensi hiyo inakuja kwenye simu yako, nawe unahesabu kwa macho yako bila kumtegemea mtu.

Hatua ya 8: Tazama kabla ya mlango

Google Analytics inaanza kuhesabu mtu akishaingia. Search Console, nayo ya Google na ya bure, inaonyesha yaliyotokea kabla: maneno gani watu walitafuta, ukurasa wako ulionekana mara ngapi kwenye majibu, ulibofywa mara ngapi, na ulikuwa nafasi ya ngapi kwa wastani. Hutunza data za miezi 16. Thibitisha umiliki wa tovuti, subiri siku chache, kisha tafuta maneno yanayoonekana mara nyingi na kubofywa mara chache. Hapo kichwa cha ukurasa wako hakimshawishi mtu, au uko chini mno. Mibofyo yake haitalingana na ziara za GA4. Aliyebofya na kuondoka kabla ya kihesabu kupakia yumo huku na hayumo kule.

Kuhusu tovuti za wengine, huduma kama Similarweb na wenzake hutoa makadirio ya wageni wao. Kwa tovuti ndogo kama zetu makadirio hayo ni dhaifu. Anayekuuzia tangazo mwombe akufungulie ripoti yake mwenyewe mbele yako.

Na sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume inayosajili wanaokusanya taarifa za watu. Wageni wa Ulaya wanalindwa na kanuni zao za tangu Mei 2018, na hutarajia kuombwa ruhusa kabla ya vidakuzi. Waombe. Wanaokataa hawatahesabiwa kikamilifu, kwa hiyo ukiona Ujerumani ina ziara chache na maulizo mengi, usishangae.

Hatua ya 9: Daftari la Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi andika mstari mmoja: ziara za wiki, maulizo, yalikotoka. GA4 huweza kuchukua siku moja hadi mbili kukamilisha hesabu, kwa hiyo Jumapili ya jana ichukulie kuwa haijakomaa.

Usilinganishe Aprili na Julai. Masika yakinyesha mlimani watu hupungua na hilo si kosa la tovuti. Linganisha Aprili hii na Aprili ya mwaka jana. Kumbuka pia kwamba mwezi wa kuuliza si mwezi wa kusafiri: anayefika Agosti huenda aliuliza Januari. Na asilimia ziache mpaka namba zikue. Maulizo yakitoka manne kwenda sita, kuna atakayekuandikia "ongezeko la asilimia 50". Wewe andika mawili zaidi, na usubiri wiki nyingine tano uone.

Mama ameandika kwa wiki kumi na moja sasa. Ziara zake hucheza kati ya sitini na tisini, na maulizo kati ya mawili na matano. Instagram, ambayo ndiyo ilikuwa ikimla jioni zake zote, imeleta ziara nyingi kuliko vyanzo vyote na ulizo moja tu. Kadi za hosteli zimeleta ziara chache na maulizo kumi na tatu. Wiki hii amepeleka nyingine mia mbili kwa mchapaji.